Marejeo kama Kipimo cha Asili: Uhakiki wa Hadithi Sita za Chimbuko katika Mchezo wa Dragon Age: Origins, Ukitazamwa kutoka Rumonge

Ikisiri

Makala haya yanahakiki hadithi sita za chimbuko ambazo mchezaji wa Dragon Age: Origins (2009) hutakiwa kuchagua moja kati yake kabla ya safari yake kuanza. Wachezaji wamezoea kuzipanga hadithi hizo kwa ubora, na aghalabu huzingatia uzito wa msiba unaomtoa mhusika kwao. Makala yanatumia kipimo kingine, yaani marejeo: mhusika akirudi alikotoka, anakuta nini, na nani amekaa mahali pake? Kipimo hicho kinatokana na historia ya mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, hususan Rumonge. Kikitumika, mpangilio wa hadithi hizo hubadilika, na udhaifu mmoja wa mchezo mzima hujitokeza.

1.0 Utangulizi

Msafiri anayetoka Bujumbura kwenda kusini hufika Rumonge baada ya kilomita zipatazo 70, ziwa likiwa upande wake wa kulia na milima upande wa kushoto. Ni mji wa michikichi, ndagala na mukeke, na ni miongoni mwa miji michache ya Burundi ambako Kiswahili si somo la darasani tu. Lugha hiyo ilifika na misafara ya karne ya 19 kupitia Tabora na Ujiji, ikakaa vinywani mwa Wamanyema na wenyeji waliochangamana nao, kisha ikaja mara ya pili na watu waliozaliwa au kukulia ukimbizini Tanzania. Kwa hiyo Mswahili wa Rumonge anaweza kuwa mjukuu wa mpagazi wa msafara, mtoto wa mkimbizi aliyerejea, au Mrundi aliyejifunza lugha sokoni. Wote watatu hununua samaki kwenye mwalo mmoja.

Mahali kama hapo, swali la "kwenu wapi?" si la kupitisha muda. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka katika ukanda wa ziwa, Rumonge na Nyanza-Lac zikiwa miongoni mwa sehemu zilizoshambuliwa mwanzoni. Watu waliuawa, na kisasi cha dola kilichofuata kiliua zaidi ya watu 100,000 nchini na kuwavusha wengine wengi kwenda Tanzania, ambako baadaye walipewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Ardhi waliyoiacha haikubaki tupu. Wengi wa waliorudi baada ya Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 walikuta mashamba yao yana familia nyingine. Baadhi ya familia hizo zilipewa mashamba hayo na mamlaka, na zilikuwa zimekwisha kulea watoto na kuzika wazee humo. Sheria ya ardhi ya 1986 ilimpa nguvu aliyekalia ardhi kwa miaka 30. Ukihesabu kuanzia 1972, muda huo ulitimia 2002, wakati ambapo safari za kurudi zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyoundwa 2006, ililazimika kusikiliza hadithi za asili kama ushahidi: nani alipanda mchikichi upi, nani alizaliwa chini yake.

Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti miongoni mwa wakimbizi hao katikati ya miaka ya 1980 na kuchapisha matokeo yake 1995, alikuta mielekeo miwili. Waliokaa katika makazi ya Mishamo waliijenga asili yao kuwa historia yenye mpangilio na hukumu za kimaadili, wakaisimulia tena na tena. Waliokaa mjini Kigoma waliitupa au waliificha, wakaazima utambulisho kadiri siku ilivyodai. Serikali ya Tanzania ilipotoa uraia kwa takriban watu 162,000 wa kundi la 1972, mielekeo yote miwili ilipata sura ya kisheria: mmoja ulirudi na kudai, mwingine ulibaki na kubadilika.

Mchezo wa video unaohakikiwa hapa haukutungwa kwa kuifikiria Burundi. Ulitengenezwa na kampuni ya BioWare ya Edmonton, Kanada, na kutolewa Novemba 2009. Hata hivyo, ndio mchezo wa kuigiza dhima uliolifanya swali la "kwenu wapi?" kuwa lango la kuingilia. Mchezaji haanzi mpaka achague mojawapo ya asili sita, na kila asili ina sura yake ya mwanzo ya saa moja au zaidi, yenye ndugu, adui na nyumba. Ndipo Duncan, kiongozi wa kikosi cha Walinzi wa Kijivu, humchukua mhusika, na hadithi zote sita huingia katika mkondo mmoja wa vita dhidi ya majeshi ya giza. Swali la kihakiki linaanzia hapo: mkondo huo ukishawameza wote, asili inabaki na kazi gani?

2.0 Maneno yanayochagua upande

Mchezo haujatafsiriwa kwa Kiswahili, na mchezaji wa Bujumbura au Rumonge huusoma kwa Kifaransa au Kiingereza. Kuujadili kwa Kiswahili kunadai maamuzi ambayo si ya istilahi tu. Jina la mchezo lenyewe lina njia mbili. "Asili", lenye shina la Kiarabu linalomaanisha mzizi, hutaja mahali mtu alikotoka na pia tabia aliyozaliwa nayo. Mtu huweza kusemwa kuwa "ndiyo asili yake" akikosea. "Chimbuko" hutaja tu mahali kitu kilipojitokeza ardhini, bila kumhukumu mwenyewe. Kirundi kina "inkomoko", ambalo liko karibu zaidi na chimbuko. Makala haya yanatumia "chimbuko" kwa sura za mwanzo na kuliacha neno "asili" kwa kile ambacho watu wengine ndani ya mchezo wanamdhania mhusika kuwa nacho. Tofauti hiyo ndiyo sehemu kubwa ya mchezo.

Viumbe wafupi wanaoishi chini ya milima ni tatizo kubwa zaidi. Neno lililo karibu ni "mbilikimo", na msomaji wa Dar es Salaam anaweza kulipita bila kusita. Burundi haliwezi kupita hivyo. Neno hilo limetumika katika Kiswahili kuwataja watu wa msituni wa Afrika ya Kati, na Burundi ina Watwa, raia ambao Katiba ya 2005 iliwatengea viti vitatu katika Bunge na vitatu katika Seneti kwa sababu ya kutengwa kwao kwa muda mrefu, kutengwa ambako kumejumuisha kukosa ardhi. Kuwaita viumbe wa mchezo mbilikimo, hasa katika hadithi inayohusu watu wasio na tabaka, ni kuweka tusi ndani ya tafsiri. Hapa wanaitwa "dwafu". Neno halina uzuri, lakini halimgusi mtu. Vivyo hivyo "mchawi" ni hukumu tayari kabla ya kesi, ndiyo maana hapa linatumika "mwanasihiri". Kuhusu elfi, inatosha kuomba radhi kwa wahasibu.

3.0 Hadithi sita na njia ya kurudi

Hadithi ya Elfi wa Porini ndiyo inayosifiwa kwa mandhari, na ndiyo ya mwisho katika mpangilio huu. Mhusika na rafikiye Tamlen wanakuta kioo cha kale ndani ya magofu. Kioo kinamwambukiza mmoja na kumpoteza mwingine. Picha ni nzuri, na fumbo la kioo linastahili sifa zake. Lakini baada ya hapo ukoo unahama, na ulimwengu wa mchezo hauna la kumwuliza mhusika. Tamlen anatokea mara moja tu, usiku, akiwa ameharibika, anashambulia kambi na kufa. Hapo marejeo ni mzimu. Watu wa kuhamahama wana asili nzito kama wengine wote, ila waandishi hawakuwapa neno la kusema mtu wao anapowakumbuka.

Inayofuata kutoka chini ni hadithi ambayo wachezaji wengi huiweka juu: ya Binadamu wa Ukoo Bora. Rendon Howe, rafiki wa baba, anavamia ngome ya Highever usiku, wazazi wanaangamia, mhusika anatoroka na mbwa. Baadaye Howe anapatikana Denerim na kulipa. Ni kisa kilichosukwa vizuri, na chuki ya mchezaji kwa Howe ni ya kweli. Tatizo liko kwenye ramani. Mchezaji anaweza kwenda karibu kila pembe ya nchi ya Ferelden, lakini Highever si mahali anapoweza kurudi. Haoni nani analala katika vyumba vya wazazi wake, wala watumishi waliosalia wanasema nini. Anaua adui katika mji mwingine, na kama akitaka anaweza hata kuoa au kuolewa katika kiti cha enzi. Kisasi kinachukua nafasi ya marejeo. Kwa msomaji wa Rumonge huo ni mkato unaotia shaka, kwa maana mtu aliyerudi 2008 hakumkuta Howe. Alikuta mjane na watoto wake wakichuma mawese.

Hadithi ya Mwanasihiri ina kitu kisichopatikana kwingine. Mtoto mwenye nguvu za sihiri huondolewa kwa wazazi na kufungiwa katika mnara uliosimama ndani ya ziwa, na asili yake ya awali hufutwa na taasisi kiasi kwamba mchezo unampa hadithi ileile awe binadamu au elfi. Wahakiki wameuona uamuzi huo kama uvivu wa waandishi. Unaweza pia kusomwa kama ukali wao: mnara ndio ukoo sasa. Mhusika anaporudi anakuta mnara umeharibiwa, wenzake wamegeuzwa majinamizi, na yeye ndiye anayetakiwa kuamua kama waliobaki waokolewe au wauawe wote. Marejeo hayo ni makubwa, ila ni ya ghasia. Yanaisha mapigano yakiisha.

Elfi wa Mjini yuko juu zaidi, na kwa sababu isiyo ya msiba wake. Msiba ni wa kutisha: siku ya harusi Vaughan, mwana wa mtawala wa Denerim, anawanyakua maharusi kutoka mtaa wa elfi uliozungushiwa ukuta, na Shianni, binamu wa mhusika, anadhulumiwa vibaya. Lakini uzito uko katika kurudi. Mtaa umefungwa kwa kisingizio cha tauni. Watu waliojifanya waganga kutoka Tevinter wanawachagua wakazi na kuwauza utumwani, kwa ridhaa ya mtawala anayehitaji fedha za vita, na baba wa mhusika yumo miongoni mwa waliokamatwa. Shianni bado yuko pale, hai, mwenye hasira, akiongoza watu. Hakumsubiri mhusika ili awe mtu.

Hata hivyo kuna jambo ambalo mwambao wa Tanganyika ungelisahihisha. Mchezo unawafanya wafanyabiashara ya watumwa kuwa wageni watupu: wanakuja, wanapigwa, wanakwisha. Misafara ya karne ya 19 haikuacha urithi mwepesi namna hiyo. Iliacha vizazi vya wapagazi, watumwa, wafanyabiashara na wake zao, wakaishi mtaa mmoja, wakaoana na kusali pamoja, wote wakaitwa Waswahili, jina ambalo katika lugha kadhaa za kanda hii limebeba pia dokezo la mtu mjanja asiyeeleweka kwao ni wapi. Hadithi ya Elfi wa Mjini ingekuwa bora zaidi kama mmoja wa wauzaji angekuwa jirani.

Nafasi ya kwanza haiwezi kupewa hadithi moja. Inashikwa na hadithi mbili za dwafu, ya Mwana wa Mfalme na ya Asiye na Tabaka, zikisomwa pamoja, na ni ajabu kwamba desturi ya kupanga hadithi moja moja huzitenganisha. Katika ya kwanza, mhusika ni mwana wa pili wa Mfalme Endrin Aeducan wa Orzammar. Mdogo wake, Bhelen, anapanga njama inayomwua kaka yao mkubwa, Trian, na kumtwisha mhusika hatia hiyo. Baraza linamfuta jina na kumtupa katika njia za chini ya ardhi afe. Katika ya pili, mhusika amezaliwa katika Mji wa Vumbi, ana chapa usoni, na jina lake halijawahi kuandikwa ili lifutwe. Mama yake ni mlevi, mwajiri wake ni jambazi Beraht, na dada yake Rica anafunzwa adabu za kiungwana ili apate mwanamume wa ukoo bora wa kuzaa naye.

Mwanamume huyo ni Bhelen.

Wahusika wote wawili hurudi Orzammar katikati ya mgogoro wa kiti cha enzi kati ya Bhelen na mzee Harrowmont. Kwa mwana wa mfalme, Bhelen ni ndugu msaliti aliyemwaga damu ya nyumba yao. Kwa asiye na tabaka, Bhelen ni shemeji, baba wa mtoto wa dada yake, mtu aliyewatoa Rica na mama yake kwenye vumbi na kuwaweka ikulu. Hakuna hadithi kati ya hizo mbili iliyo ya uongo. Tena mchezo hauwapi wasomaji wake njia nyepesi ya kutoka: Harrowmont ni mwaminifu kwa mila na hawafungulii wasio na tabaka mlango wowote, ilhali Bhelen, akitawala, humwua mpinzani wake kisha huwapa wasio na tabaka nafasi ambazo hawakuwahi kuwa nazo. Mwana wa mfalme anaweza kumweka katika kiti cha enzi yule aliyemtupa. Wapo wachezaji wanaofanya hivyo, nao hawafanyi kwa kusahau.

Kinachozipandisha hadithi hizi mbili juu ya nyingine ni kwamba zinagombania kitu kimoja. Walioishughulikia ardhi ya Rumonge wanalijua umbo hilo. Mkimbizi aliyerejea na mkazi aliyekuta ardhi tupu mikononi mwa mamlaka wanasimama mbele ya tume wakiwa na hadithi mbili za kweli juu ya shamba lilelile. Anayezisikiliza kwa zamu, kila moja peke yake, atalia mara mbili na hatakuwa ameamua kitu.

Orzammar pia ina jambo ambalo wachezaji wengi hulipita haraka: idara ya Kumbukumbu. Koo za dwafu huandikwa humo, na asiyeandikwa si mtu. Mwanamke msomi aitwaye Orta anaamini kwamba ametoka katika ukoo wa Ortan unaodhaniwa kwisha, na anahitaji mtu ashuke katika magofu akatafute rekodi. Rekodi zikipatikana, anadai kiti katika Baraza na kukipata. Ni kazi ndogo ya kando, isiyo na joka wala upanga maarufu, lakini ndiyo sehemu ya mchezo inayosema wazi asili ni nini mbele ya dola. Orta alikuwa Mwortan siku zote. Karatasi ndiyo iliyompa sauti. Na ndugu wa Rica wa Mji wa Vumbi, ambaye hakuna magofu yenye jina lake, hana rekodi za kumtuma mtu atafute. Mkimbizi aliyeondoka Aprili 1972 bila hati angemwelewa yupi kati yao?

4.0 Chimbuko moja kwa wakati mmoja

Sifa zote hizo zinakwama kwenye kanuni moja ya mchezo. Mchezaji akichagua chimbuko moja, wahusika wa machimbuko mengine matano hawaonekani. Mwana wa mfalme anaporudi Orzammar hakuna Mlinzi wa Kijivu kutoka Mji wa Vumbi wa kumkabili na kusema kwamba Bhelen ni shemeji yake. Uhusiano kati ya hadithi hizo mbili, ambao umetajwa hapa kuwa ndio ubora wake, huonekana kwa yule tu anayeucheza mchezo mara mbili na kukumbuka. Ndani ya mchezo wenyewe haupo. Mpangilio huu kwa hiyo unasifu kitu ambacho waandishi walikiweka tayari kisha wakakizuia kutokea.

Baldur's Gate 3, uliotolewa Agosti 2023 na kampuni ya Larian ya Ghent, Ubelgiji, ulijaribu njia tofauti. Wahusika wake wenye chimbuko, kama Astarion, Shadowheart, Karlach na Wyll, mchezaji asipomchagua mmoja wao wanabaki ulimwenguni, wanasafiri naye, wanagombana naye na kumwambia mambo yao kwa muda wao. Hilo ni karibu zaidi na mtaa wa kweli. Shadowheart, ambaye sehemu ya kumbukumbu yake imeondolewa, humlazimisha mchezaji kukubali kwamba mtu anaweza kuishi na asili asiyoijua. Hata hivyo misiba yao haigusani sana. Kila mmoja ana bwana wake wa zamani, laana yake na mlango wake wa kutokea. Wanashirikiana hema, si shamba. Mchezo wa 2009, pamoja na kanuni yake ya kuwanyamazisha watano, ndio uliowapa wawili urithi wa kugombania.

Kwa wanaoandaa sera za maudhui ya kidijitali ya Kiswahili, na hasa kwa Burundi, iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki 2007 na kukiingiza Kiswahili shuleni, jambo la kwanza la kuangaliwa si idadi ya mashujaa wa kienyeji. Mtunzi atakayekaa Rumonge na kuandika mchezo wa namna hii atakuta machimbuko yamekwisha kuandaliwa: mjukuu wa Mmanyema, aliyerudi kutoka Mishamo na Kiswahili cha Tabora, aliyebaki na shamba alilopewa, Mtwa asiye na shamba, mvuvi ambaye ziwa limemeza nyumba yake. Kazi ngumu itakuwa kuruhusu wote wawepo mchezaji anapomchagua mmoja, na kuwaandikia maneno ya kusemezana kwenye mpaka wa shamba lenye mchikichi mmoja unaodaiwa na wawili. Katika maandishi hayo, mahali pa kuanzia huenda pakawa ni swali la mkazi kwa mgeni aliyesimama uani akitazama mti: "Karibu. Kwenu wapi?" Na yule mgeni, aliyezaliwa Katumba, anapaswa kupewa majibu mangapi ya kuchagua?